Sauti ya Petit

Kule Kadutu, mtaa wa Bukavu tulikozaliwa, filamu ilikuwa na watu watatu tu waliostahili kuhesabiwa. Kulikuwa na akteri, yaani shujaa, ambaye hafi. Kulikuwa na shefu-bandi, mkuu wa majambazi, ambaye lazima afe, lakini mwishoni kabisa, baada ya kutusumbua vya kutosha. Na kulikuwa na petit, kijana mdogo anayemfuata akteri kila mahali, anayeanguka, anayepiga chafya pale wanapojificha, na anayetekwa na mabandi ili akteri apate sababu ya kukasirika. Wavulana wote wa mtaa wetu walitaka kuwa akteri. Petit hakutakiwa na mtu. Mimi, msichana wa miaka kumi, ndiye niliyekuwa sauti yake kwa msimu mzima wa mvua, na hadi leo wapo wazee wa Bukavu ambao wakinikuta sokoni hupaza sauti, “Petit, habari?” bila kujali kwamba nimeshakuwa bibi.

Ilikuwa miaka ile ya Zaïre, baba zetu walipovaa abakosi, lile koti la serikali lisilo na tai, na kuitana sitwaye, yaani raia, ofisini, na Jumamosi asubuhi kila nyumba ilitoa mtu mwenye jembe kwa ajili ya salongo, kazi ya lazima ya umma. Jumapili ilikuwa yetu. Baada ya misa na chakula, watu walipanda kilima kwenda ukumbi wa parokia, ambako padri mmoja mzee alikuwa na mashine ya sinema aliyoipenda kama watu wengine wanavyopenda ng’ombe. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi. Kitambaa cheupe kilitundikwa ukutani. Mabenchi yakijaa, watoto tulikaa chini, magoti yakigusa kidevu.

Filamu zilisema Kifaransa, na zilikisema vibaya, kwa sababu kipaza sauti cha padri kilikaanga maneno yote kama visamaki vya sambaza kwenye mafuta. Hata waliosoma walisikia nusu. Wengine hawakusikia kitu. Ndiyo maana palikuwa na mfasiri, na mfasiri huyo alikuwa tonton wangu.

Alikuwa mdogo wa mama, mwalimu wa darasa la tano, na alilala kwenye kile chumba kidogo cha nyumba yetu kilichotazama barabara. Alikuwa mwembamba, na abakosi yake moja ilionekana imetundikwa juu yake badala ya kuvaliwa. Lakini sauti! Sijui aliificha wapi ndani ya mwili ule. Jumapili alisimama juu ya kreti kando ya kitambaa, akashika kikuza sauti cha bati alichotengenezewa na fundi wa sokoni, na kila mdomo uliofunguka kwenye filamu aliutilia Kiswahili. Akteri alipewa sauti nzito ya tumboni. Mabandi walisema kwa pua. Petit alisema kama kifaranga kilichokanyagwa, na hapo ukumbi ulivunjika kwa kicheko.

Filamu iliyopendwa kuliko zote mwaka ule ilimhusu mtu mwenye barakoa ya chuma na koti refu la rangi ya majivu. Mchana alikuwa karani wa mahakama ambaye hakuna aliyemsalimu. Kukiwa na uonevu mjini, alivaa barakoa na kupita juu ya mapaa. Adui yake, shefu-bandi, alitaka kuyafunga maji ya mji mzima ili watu wampigie magoti, jambo tulilolielewa vizuri sana sisi tuliozoea kupanga ndoo kwenye bomba kuanzia alfajiri. Petit wake alikuwa mvulana wa miaka kumi na miwili hivi, mwenye pulovu nyekundu, ambaye akteri alimwokota kwenye stesheni ya treni, na ambaye hakukosa kuanguka ndani ya gunia la unga. Pale petit alipokula mkate kwenye filamu, Tonton alimwingiza maneno yasiyokuwemo, ya ugali na kisamvu chetu: “Ah, kama ningepata bugali na sombe!” Watu walipigana mabega. Mama mmoja muuza samaki alicheka hadi akaomba apelekwe nje apate hewa.

Mimi niliiona filamu ile mara tatu, nikaijua yote. Nyumbani, nikisugua sufuria, nilikuwa naisema peke yangu toka mwanzo hadi mwisho.

Basi ikatokea wiki moja mvua ilinyesha bila kukoma na Tonton akashikwa na mafua mabaya. Koko, yaani mama yake mama, alimnywesha maji ya moto yenye majani machungu, akamfunika, akamkaripia. Ijumaa alipoamka, sauti iliyobaki ilikuwa moja tu, ya chini kabisa, yenye mikwaruzo.

“Ya akteri iko,” alisema akijipapasa koo. “Tena imekuwa nzuri kupita zamani. Lakini ya petit imekufa.”

Mimi nilikuwa uani na sufuria yangu, na bila kufikiri nilijibu kwa sauti ile ile ya kifaranga: “Patron, usiniache! Niko nakuya!”

Kisha Tonton akatokea mlangoni amejifunika blanketi, akanitazama kama mtu aliyeona kitu chake kilichopotea mkononi mwa jirani.

“Rudilia.”

Nikarudia.

“Yaya,” alimwita mama yangu, dada yake mkubwa, “huyu ntaenda naye Jumapili.”

Mama alikuwa kwenye cherehani yake, maana alishona nguo za mtaa mzima. Aliondoa mguu kwenye kanyagio. “Kwenda kufanya nini? Mutoto mwanamuke asimame mbele ya batu bote, apige kelele kama kuku? Hapana.”

Papa alikuwa anasoma gazeti la wiki iliyopita. Hakulishusha. “Umuache aende,” alisema. “Kelele anapigaka toka asubuhi. Heri apigie kwenye batu bamekuya kusikia.”

Hivyo ndivyo nilivyopata kreti yangu.

Jumapili ile nilipanda kreti kando ya Tonton. Nilipotazama watu kutoka pale mbele, niliona macho tu, macho hadi mlangoni. Filamu ilianza, petit akafungua mdomo, nami nikayasema maneno yake ndani ya kola ya gauni langu. Hakuna aliyesikia. Petit akasema tena, nikanong’ona tena. Ndipo yule mama muuza samaki akasimama katikati ya benchi.

“Petit! Paza sauti! Siye ba huku nyuma tuko nasikia mvua tu!”

Watu wakacheka, na kicheko kile kilinifungua. Nilipiga kelele “Patron!” hadi padri akaruka kwenye mashine yake. Kuanzia hapo sikunyamaza. Tonton, na sauti yake ya mafua, alikuwa akteri wa kutisha kweli, nami nilikuwa kando yake nikilia, nikipiga chafya, nikiomba bugali. Tuliposhuka kilima, watoto walitufuata wakiimba. Mafua ya Tonton yalipopona, hakuniondoa. Alisema sauti yake mwenyewe ya petit ilikuwa ya mtu mzima anayedanganya, na watu wameshajua tofauti.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyekuja kila Jumapili na hakucheka hata mara moja. Alikuwa mwanafunzi wa ualimu, kijana mrefu mwenye miwani, aliyekaa benchi la mbele mikono imefungwa kifuani. Kwao ilikuwa Luberizi, kule kwenye mashamba ya mpunga, na chumba alichopanga kilitazamana na nyumba yetu, ng’ambo ya bomba la maji. Siku moja jioni tulipokuwa tumepanga ndoo, alimsogelea Tonton.

“Sitwaye mwalimu, nikuambie ukweri. Ile petit iko naharibu filme.”

“Inaharibu namna gani?”

“Ile ni filme ya mambo makubwa. Muji unakosa maji, batu banateseka, akteri anabeba hiyo yote ku mabega. Halafu kunakuya mutoto anaanguka mu unga. Mutoto anafanya nini mu vita ya bakubwa? Akteri wa kweri anaendaka peke yake.”

Nilikuwa nimesimama hapo hapo na ndoo yangu. Hakunitazama, lakini masikio yangu yaliwaka moto.

Tonton alicheka. “Na batu bacheke nini?”

“Nani amesema tulikuya kucheka?”

Mjadala ule ulitoka kwenye bomba ukaingia mitaani. Kinyozi alikuwa upande wa mwanafunzi. Muuza samaki alikuwa upande wangu. Nyumbani, mama, ambaye alikuwa hajakanyaga ukumbi ule, alitusikiliza siku nyingi, kisha akakata uzi kwa meno na kusema, “Mi niko na maulizo moja tu. Ile pulovu nyekundu, nani anaifulaka? Na huyo mutoto anasomaka wapi? Muanaume amemuokota ku stesheni, anamutembeza juu ya mapaa, na hakuna muntu anauliza kama iko na kaye ya kalkul, ya kuandikia hesabu?”

Koko, aliyekuwa akichambua maharage, alisema neno lake kwa Kimashi, kwa sababu mambo mazito hakuyasema kwa lugha nyingine. Alisema kwamba Kifaransa cha filamu hakijui, lakini macho anayo. Na macho yake yameona kwamba akteri hasemi na mtu mwingine ila yule mtoto. Wengine wote anawapiga. Ukimwondoa mtoto, atabaki kusema na ukuta, na kijijini kwao Nyantende mtu wa namna hiyo hupelekwa kwa mganga.

Nilitamani kumpelekea mwanafunzi maneno hayo mbio. Nilikuwa mwoga.

Kisha padri akapokea sanduku jipya. Ilikuwa hadithi ya akteri yule yule, lakini imetengenezwa miaka kadhaa baadaye, na padri alipoiangalia peke yake siku ya Alhamisi, alitoka ukumbini amebadilika uso. Akamwita Tonton, nami nikafuata nyuma.

“Hii si filamu ya kucheka,” alisema, kwa Kiswahili chake cha polepole. “Akteri amekuwa mzee. Ana huzuni. Mwalimu, Jumapili utasema yaliyomo tu. Hapana bugali, hapana sombe.”

“Sawa, mon père.”

“Na mtoto apumzike. Sauti yake ikisikika tu, watu watacheka.”

Nilirudi nyumbani nikitazama vidole vya miguu yangu. Jumapili nilikaa kwenye benchi kama watu wengine, katikati ya Koko na mama. Mama alikuwa amekuja kwa mara ya kwanza. Alisema anataka kumwona mtoto ambaye hana mama. Mbele yetu mwanafunzi wa ualimu alikuwa amevaa shati safi, kama anayekwenda harusini.

Filamu ilikuwa nzuri. Lazima niseme hivyo. Mji wote ulikuwa wa kijivu, mvua haikukoma, na mabandi hawakuwa wa kuchekesha tena. Walifanana na watu tunaowajua. Akteri alikuwa na mvi. Petit alikuwa amekua kidogo, pulovu nyekundu imembana mikononi, na mwanzoni kabisa akteri alimwambia, kwa sauti nzito ya Tonton, “Utabakia nyumbani. Hii kazi haiko ya batoto.” Basi petit akakaa dirishani. Filamu ilipita, watu walipigwa, maji yakafungwa, na kila baada ya muda tukamwona dirishani, hasemi. Nilianza kusikia minong’ono nyuma yangu: “Petit iko wapi? Juu ya nini hasemi?”

Kisha akteri akashindwa. Sisi tulikuwa hatujawahi kuona akteri anashindwa. Alirudi nyumbani amelowa, akaketi kwenye ngazi, akavua barakoa yake ya chuma na kuiweka chini. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka, basi. Mlango ukafunguka. Petit akatoka, akaketi kando yake. Akafungua mdomo.

Na kipaza sauti cha padri kikafa. Kilikoroma, kikapiga mluzi, kikanyamaza. Midomo ilikuwa inacheza kwenye kitambaa, na Tonton, juu ya kreti, hakusikia kitu cha kufasiri. Aligeuka kumtazama padri. Padri alikuwa ameinama, anavuta nyaya.

Koko alinisukuma kiwiko mbavuni. Sijui kama alinisukuma niseme au alitaka tu nafasi. Nilijikuta nimesimama, na sauti iliyonitoka haikuwa ile ya kifaranga. Ilikuwa yangu, ile ninayoitumia Papa akirudi kazini.

“Papa, umekula?”

Hakuna aliyecheka. Kwenye kitambaa akteri alitikisa kichwa, kweli kabisa, kana kwamba amenisikia. Tonton akainua kikuza sauti, na sauti yake ikatoka chini kabisa.

“Hapana. Toka jana.”

“Njoo tukule,” nikasema. “Kesho utaenda tena.”

Kwenye filamu mvulana akasimama, akamnyooshea mkono yule mzee, na mzee akaushika. Nilisikia mama akivuta kamasi kando yangu. Muuza samaki alikuwa analia waziwazi, kwa sauti, kama alivyokuwa akicheka. Na hapo ndipo kicheko kilipokuja, kicheko kingine, cha watu waliofutana machozi na kuonana wanafutana. Nyaya zikashika, kipaza sauti kikaanza kukaanga tena, filamu ikaendelea, na mwishoni akteri alikwenda peke yake kwenye tangi kubwa la maji, akashinda, petit akiwa dirishani.

Watu walipokuwa wanatoka, padri aliniita. Nilijua nimeharibu. Nilishika sketi ya mama.

“Unajua petit alisema nini pale, kwa Kifaransa?” aliuliza.

“Sijui, mon père.”

“Alisema: ‘Mvua imekatika.’ Na akteri akajibu: ‘Hapana.’ Basi.” Alianza kutikisika mabega, na ilinichukua muda kuelewa kwamba anacheka. “Jumapili ijayo mtasema ya kwenu. Ni bora.”

Wiki ile nyumba yetu ilikuwa na kazi. Tonton aliandika kwenye daftari maneno yote ya petit, tukayapunguza. Tulikubaliana asichekeshe, lakini asinyamazishwe. Mama, cherehani ikikimbia, alikuwa anakataa na kukubali: “Hapana, mutoto hawezi kusema vile. Aseme tu, ‘Koti yako iko nalowa.’ Batoto banaonaka vitu kama vile.” Alikuwa sahihi kila mara, na alijua.

Siku ya Jumatano mwanafunzi wa ualimu alipiga hodi. Alikataa kuketi.

“Sijakubali bado,” alisema, na safari hii alinitazama mimi. “Lakini ile ya ‘umekula’ sikuweza kulala nayo. Tena nimekuya kusema kitu ingine. Shefu-bandi, mwalimu, unamusema vibaya. Iko kama tonton mugonjwa wa tumbo.”

Tonton alimtazama juu hadi chini, miwani, shingo ndefu, mikono mirefu. “Basi umuseme weye.”

“Mi?”

“Iko na kreti ya tatu.”

Sitasahau Jumapili ya pili. Yule kijana mpole, aliyezoea kusalimia wazee kwa mikono miwili, alifungua mdomo, na watoto wadogo wakaingia chini ya mabenchi. Alikuwa shefu-bandi kamili. Alisema polepole, kwa adabu, na ndiyo iliyotisha. Mwishoni watu walimwogopa hadi wakampisha njia mlangoni, naye akaomba samahani kwa kila mtu aliyempita.

Filamu ile ilioneshwa Jumapili nne. Walikuja watu kutoka Bagira, na walimu wawili kutoka Lwiro waliopanda lori la kabichi tangu asubuhi. Jumapili ya nne ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Mvua ilikuwa ya mawe. Tulikuwa tumefika pale akteri anapojiandaa kwenda kwenye tangi, alama ya kahawia ikatokea katikati ya kitambaa, ikapanuka, ikala uso wa akteri, ikala dirisha, kukabaki mwanga mweupe mtupu na harufu ya kuungua. Padri alizima, akafungua, akainua mkanda kwenye mwanga.

“Mwisho umeungua,” alisema kwa huzuni. “Siwezi kuunga tena. Samahani sana.”

Hakuna aliyeinuka. Nje mvua ilikuwa inapiga bati kwa ngumi. Mtu wa nyuma akasema, “Mumalize!”

“Tumalize nini?” Tonton aliuliza. “Filme imekufa.”

“Nyiye munaijua! Mumalize nyiye!”

Mabenchi yakaanza kugongwa. Padri alitazama mashine yake, akatoa mkanda, akawasha taa ya mashine peke yake. Mwanga ukatumwagikia sisi watatu, na vivuli vyetu vikasimama nyuma yetu kwenye kitambaa, vikubwa kuliko wale wa filamu.

Tukashuka kwenye kreti. Tonton alivua abakosi akaishika kama koti la akteri. Mwanafunzi alichukua fimbo ya ufagio wa ukumbi na kwenda upande wa pili, kwenye tangi. Mimi nilibaki katikati, na sweta langu la buluu.

“Utabakia nyumbani,” Tonton alinguruma. “Hii kazi haiko ya batoto.”

Nilijua ninachotakiwa kufanya. Nilitakiwa kukaa dirishani. Lakini dirisha halikuwepo, na watu walianza:

“Aende!”

“Petit aende!”

“Haendi!” Hiyo ilikuwa sauti ya mama. Alikuwa amesimama, pochi mkononi. “Kesho iko na masomo!”

Ukumbi ulilipuka. Upande mmoja ulipiga kelele niende, mwingine nibaki. Kinyozi alibishana na muuza samaki. Papa, aliyekuja siku hiyo na abakosi yake ya ofisini, alikuwa akicheka huku amefunika uso kwa kofia. Tonton alinitazama, anangoja.

“Sitapigana,” nikasema. “Ntakubebea tu koti.”

Nikachukua abakosi mkononi mwake. Mama, akiketi taratibu, akasema, “Na urudi mbele ya saa kumi na mbili.”

Tukaenda. Zilikuwa hatua nane hivi. Shefu-bandi alitugeukia, akainua fimbo juu ya kichwa cha Tonton, na ule uso wake mpole ukawa mbaya kabisa. Niliogopa. Nilijua ni kijana wa ng’ambo ya bomba, nilijua ni ufagio, na niliogopa hata hivyo, nikaikumbatia ile abakosi kifuani. Kwa makubaliano, hapa Tonton alitakiwa kumpokonya fimbo.

Fimbo haikushuka. Mwanafunzi alikuwa ananitazama.

“Huyu ni mutoto yako?” aliuliza.

“Ni wangu.”

“Juu ya nini umemuleta?”

“Amekuya mwenyewe.”

Mwanafunzi alishusha fimbo, polepole, akaiegemeza ukutani mahali pake. “Siwezi kupiga muntu mbele ya mutoto yake,” alisema. Kisha akageuka kwa mabandi wasioonekana nyuma yake, akawaamuru kwa sauti ile ile ya adabu: “Mufungue maji.”

Na mvua, iliyokuwa imepungua kidogo tulipokuwa tunasema, ikashuka juu ya bati lote kwa mara moja.

“Maji yamefunguliwa!” mtu akapiga kelele, na watu wote wakasimama. Sijawahi kuona furaha ya namna ile. Walikumbatiana, walipanda juu ya mabenchi, watoto walikimbilia mlangoni kunyoosha mikono kwenye mvua. Muuza samaki alimbeba mwanafunzi mzima mzima, miwani ikaanguka, padri akaiokota. Koko alikuwa anapiga vigelegele.

Baadaye, tukisubiri mvua ipungue, nilimuuliza mwanafunzi mbona hakufuata maneno yetu.

“Ilinitoka tu,” alisema, akifuta miwani kwa shati. “Niliona unaogopa kweri. Niko na mudogo yangu Luberizi, analingana na weye.” Akafikiri. “Sasa nimekubali. Petit abakie. Lakini asianguke tena mu unga.”

“Hata mara moja moja?”

“Mara moja moja, sawa.”

Huyo kijana alikuja kuwa mwalimu mkuu mahali fulani kwenye bonde la kwao, na nasikia wanafunzi wake walimwogopa miezi miwili tu ya kwanza. Tonton alihamishiwa shule nyingine baada ya likizo kubwa, mimi nikaingia sekondari, sauti ikabadilika. Siku hizi wajukuu wangu wananionesha filamu za mashujaa wenye barakoa kwenye simu. Wengi wako peke yao, wana hasira, na wanasema na kuta. Watoto wananiuliza kwa nini ninatikisa kichwa.

Lakini wiki ile ya mkanda ulioungua, sanduku la filamu liliondoka kwa lori siku ya Jumanne, na padri akatangaza kanisani kwamba Jumapili hakuna sinema hadi lije jingine. Jumapili saa nane, mimi, Tonton na mwanafunzi tulipanda kilima tu kwenda kurudisha fimbo ya ufagio, ambayo watoto walikuwa wameondoka nayo. Tulikuta watu wamejaa mbele ya mlango, na vigoda vyao, na watoto mgongoni. Padri alikuwa amesimama kwenye ngazi na funguo zake.

“Nimesema hakuna filamu,” aliwaambia. “Hamkusikia?”

“Tulisikia, mon père,” alijibu muuza samaki. “Utufungulie tu.”

Padri alitutazama sisi watatu. Tonton alimtazama mwanafunzi. Mwanafunzi aliipima fimbo mkononi. Mlango ukafunguliwa, mablanketi yakabaki yamekunjwa, madirisha yakaachwa wazi, na mwanga wa mchana ukaingia hadi ukutani. Watu walipokwisha kaa, Tonton alipanda kwenye kreti, akakohoa.

“Tuanzie wapi?” aliuliza.

“Ku stesheni!” wakajibu wote pamoja. “Ku stesheni, pale anamuokotaka!”

Nikavuta sweta langu vizuri, nikaenda kusimama katikati ya ukumbi, peke yangu, kama mtoto aliyeshuka kwenye treni.